Seva ya Himbi na jina la njia

Seva ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu ilikaa katika depo ya jikoni, mahali ambapo wenye nyumba walikuwa wakiweka mchele na mafuta. Nyumba yenyewe ilikuwa Himbi, mtaa wa Goma ulio karibu na ziwa, ya mtu mwenye uwezo aliyekimbia vita na familia yake yote. Shirika letu likaipanga, sebule ikawa biro, yaani ofisi, vyumba vya kulala vikawa biro, na mimi nikapewa depo. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani. Harufu hiyo haikutoka kamwe, hata baada ya miaka miwili ya kupiga deki.

Nikisema seva, labda wewe unaona kompyuta ya mezani yenye kioo chake. Hapana. Ni kitu bapa, kizito, hakina kioo wala vitufe, kimeundwa kilale ndani ya kabati la chuma, kikivutwa na kusukumwa juu ya reli mbili. Seva ilifika ndani ya karatasi ngumu, salama kabisa. Kabati halikufika. Lilibaki mpakani likingoja sahihi ya mtu fulani, na ninavyojua mimi linaingoja hadi leo. Basi nikachora kabati kwenye daftari, nikaandika vipimo, nikampelekea mchomeleaji mmoja wa Birere. Jamaa akatazama mchoro, akasema, "Hii ni kazi ya mukono moja, papa. Urudi kesho." Kesho yake nikakuta kabati zuri, limepakwa rangi ya kijani, na ni pana kuliko nilivyoandika kwa upana wa kidole.

"Niliongeza kidogo," akasema, "kusudi ipumue."

Ayi! Nilimpigia kelele mbele ya wateja wake mpaka koo likanikauka. Seva haina haja ya kupumua ubavuni, ina haja ya reli zinazoshika. Alinisikiliza, akafuta jasho, akachomelea vipande viwili vya chuma kwa ndani, kazi ikawa sawa. Siku zile hasira yangu ilikuwa karibu, lakini ilikuwa hasira ya vitu. Kwa watu sikuwa na chochote, si hasira si huruma.

Ndani ya seva hiyo kulikuwa na orodha moja tu: watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Vijiji vya Masisi vilikuwa vinamwagika barabarani, watu wakishuka na magodoro na mbuzi, wakipita Sake, wakijaza kampi za bashi nyeupe, maturubai ya msaada, upande wa Lac Vert, na kila wimbi la watu likipita liliacha watoto nyuma. Wenzetu waliwaokota, wakawaweka kwa familia zilizokubali kuwapokea, wakajaza kwa kila mtoto fishi ya karatasi: jina lake, jina la baba, kijiji, umri, alama za mwilini, picha. Fishi zililetwa Himbi, zikaingizwa kwenye seva. Mzazi akija, tunatafuta jina. Likiwepo, mtoto anarudishwa kwao. Lisipokuwepo, mzazi anaambiwa arudi siku nyingine.

Kazi yangu mimi ilikuwa mashine isife. Asubuhi nilianza na vumbi. Vumbi la Goma ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano tunayojengea na kukanyaga, na lina makali; likiingia kwenye feni linasaga. Nilikata kipande cha chandarua, nikakikunja mara nne, nikakifunga mbele ya kabati kwa waya, na kila siku ya pili nilikifua kwa sabuni ya kipande. Halafu betri. Umeme ulikatika ulipotaka wenyewe, na kabla sentineli, mlinzi wetu, hajafika kwenye jenereta seva iliishi kwa betri mbili kubwa zilizokaa chini yake. Nilizijaza maji, nikasugua ukoga wa kijani kwenye vichwa vyake kwa mswaki wa zamani. Halafu taa. Seva ilikuwa na diski nne kwa mbele, kila diski na taa yake ndogo, na taa ya kijani maana yake diski ni nzima. Orodha iligawanywa juu ya diski zote nne kwa hesabu yake, hivi kwamba moja ikifa, tatu zilizobaki zinakumbuka kila kitu. Zikifa mbili kwa pamoja, basi, hakuna kinachokumbukwa.

Watu wa mbali huniuliza, ulikuwa unajisikiaje, kukaa na majina ya watoto hao wote chumba kimoja? Sikuwa najisikia. Mabomu yalipolia upande wa Sake niliangalia kama taa zimecheza. Tulimzika shemeji yangu asubuhi moja, mchana nikarudi Himbi, nikafua chandarua, nikakianika. Mke wangu alisema nimekuwa mtu wa ubao. Nikamwambia ubao hauvuji. Alikasirika, hakucheka.

Yule mama alianza kuja wakati wa mvua. Alitoka kampi ya Lac Vert kwa miguu kila Alhamisi, mwanamke mrefu wa milima ya Masisi, mkulima, na viatu vyake vya plastiki alivibeba mkononi akavivaa tu alipofika getini. Alikuwa amepotezana na binti yake wa miaka sita juu ya Sake, siku risasi zilipopita barabarani. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na gunia kichwani. Binti alikuwa ameshika kitenge chake, na mara hakukishika tena. Mtoto mchanga alikufa kampini. Aliniambia hayo yote siku ya kwanza, amesimama wima, na hakuyarudia tena.

Waliopaswa kumpokea walikuwa watu wa biro ya mbele, lakini kompyuta yao ilikuwa inaganda kila saa, kwa hiyo wazazi waliletwa kwangu, depo, ambako nilikuwa na kioo kilichounganishwa moja kwa moja na seva.

"Jambo, papa. Mashini inasema nini leo?"

"Jina?"

Anataja jina la binti, jina la baba yake, jina la kilima chao. Naandika. Tunangoja.

"Hakuna, mama. Urudi."

"Aksanti, papa."

Aliniudhi, nasema ukweli. Aliniudhi kwa ile aksanti. Wengine walinitukana, mmoja alitema mate kwenye kabati langu la kijani, na hao nilielewana nao. Huyu alishukuru kwa kitu ambacho sikumpa, akavua viatu getini, akaondoka. Alhamisi baada ya Alhamisi, miezi karibu mitano.

Halafu, Alhamisi moja, nikafungua depo na kukuta taa ya diski ya tatu imegeuka rangi ya chungwa.

Nilikuwa na diski moja ya akiba, moja tu. Nikachomoa iliyokufa, nikaingiza mpya, nikasikia kile kimlio cha kushika, na seva ikaanza kazi ya kuijaza diski mpya yale ambayo diski tatu zilikuwa zinakumbuka. Kazi hiyo inachukua siku nzima, na siku hiyo ndiyo ya hatari, maana diski zilizobaki ni kuukuu kama ile iliyokufa na zinakimbizwa kuliko kawaida. Ikifa nyingine kabla ya jioni, watoto wote wamekwenda. Hapo zingebaki karatasi tu, na karatasi za mwanzo zilikuwa zimelowa zamani. Nikakataza mtu yeyote kugusa kompyuta. Mikono yangu ikakosa kazi, nikaleta maboksi ya fishi zilizobaki, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kuzisoma moja moja nikiangalia ni zipi bado zinasomeka.

Sikuwahi kuzisoma. Miaka miwili nilikuwa nimelinda maneno ambayo sikuyasoma.

Fishi ya kwanza, mvulana wa miaka tisa. Jina: jina moja fupi la kanisani. Jina la baba: hajui. Kijiji: hajui. Fishi ya tano, msichana wa miaka saba, jina moja fupi la kanisani, baba hajui, kijiji hajui. Ya nane vilevile. Ya kumi na moja vilevile. Pembeni wenzetu walikuwa wameandika: amesahau kwa sababu ya woga. Nikasema peke yangu, kwa sauti, amesahau nini? Mtoto wa Masisi wa miaka tisa anajua kilima chake, anajua ng'ombe wa jirani mmoja mmoja kwa rangi. Hajui jina la baba yake?

Nikaweka fishi chini. Kumbe nilikuwa najua. Sote katika nyumba ile tulikuwa tunajua.

Huku kwetu, mzazi akikimbia na mtoto, humpa jina la njia. Jina la kweli linasema kabila, linasema kilima, linasema wewe ni mtoto wa nani, na kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, mtu mwenye bunduki akilisikia anajua akupitishe au akutoe kwenye foleni. Ni kabila lipi, sitalitaja, kila upande ulikuwa na bariyeri zake. Basi kabla ya kutoka nyumbani mama anamkalisha mtoto chini, anamwambia: kuanzia leo wewe unaitwa hivi. Baba yako humjui. Kijiji hukijui. Na mtu mwenye bunduki au karatasi akikuonyesha mimi, akakuuliza huyu ni nani, mimi pia hunijui. Anamuuliza asubuhi, anamuuliza ghafla akiwa anakula, na mtoto akikosea anafinywa. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka saba, katika vita vya wakati huo, na mama yangu alinifinya sikio mpaka likatoa damu.

Mgeni asingefanya kosa letu. Mgeni asiyejua kitu angeuliza kila swali, hata la kijinga. Sisi tulijua, na kwa sababu tulijua, tulinyamaza, maana jina la njia halisemwi na haliulizwi. Kwa hiyo wazazi walikuja na majina ya kweli, watoto wakaandikwa kwa majina ya njia, na sisi katikati tukawa tunasema hakuna, urudi.

Yule mama alifika na mvua. Sentineli akamleta depo moja kwa moja, maji yakimtoka kwenye kitenge, akakaa kwenye boksi karibu na mlango. "Jambo, papa. Mashini inasema nini?"

Nikamuuliza, "Mama, binti yako ulimupatia jina gani ya njia?"

Akasimama. Sijawahi kuona uso ukifungwa vile. "Iko jina moja tu. Ile nilikuambia."

"Mama, sikiliza..."

"Juu ya nini unauliza? Nani alikutuma?" Alikuwa ameshavua viatu aondoke.

Na alikuwa na haki. Niliuliza kama wanavyouliza kwenye bariyeri, nimekaa na karatasi magotini. Nikazitupa fishi kwenye boksi. Nikafunga mlango, na kwa kuwa sikujua njia nyingine, nikamwambia jina langu la njia. Mke wangu hajawahi kulisikia. Sikuwa nimelitamka tangu nilipokuwa mtoto, na lilitoka na sauti ya kitoto, nikaona haya.

Mama akanitazama. Akanitazama tena, kisha mdomo ukamponyoka akacheka. "Eeh, papa! Ile ni jina ya musichana!"

"Mama yangu alikuwa na haraka."

"Alikuwa na haraka sana!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikaisha, akaniinamia sikioni, na akalisema la binti yake kwa sauti ndogo kuliko mlio wa feni.

Sikupaswa kutafuta. Diski mpya ilikuwa imejaa kidogo tu zaidi ya nusu, na kutafuta ni kuzikimbiza zile kuukuu zaidi. Mtu yeyote wa kazi hii angekwambia ngoja kesho. Nilitazama taa, nikamtazama yeye, nikaandika jina. Ilichukua muda mrefu. Wakatokea wasichana wanne wa jina hilo, na mmoja wao alikuwa na miaka sita, kovu la uji wa moto kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, anaishi kwa familia ya kumpokea Keshero. Keshero! Mama alikuwa anapita karibu na pale kila Alhamisi akija kwetu. Nikafungua picha, nayo ikashuka polepole, kichwa kilichonyolewa, macho, kidevu.

"Ni yeye," akasema mama, akakaa chini sakafuni, si kwenye boksi.

Nilitaka kulia pamoja naye. Macho hayakutaka. Nikaangalia taa: tatu za kijani, na ya nne ikipepesa, inaendelea.

Jioni diski ilijaa salama. Ijumaa nikaongeza safu moja kwenye orodha, pembeni ya jina: jina la njia. Shefu wetu alikubali. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na alipenda karatasi inyooke, lakini nilipomweleza alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Hata mimi nilikuwa nalo." Basi tukaanza kuwauliza wazazi, mlango ukiwa umefungwa, kila mmoja wetu akitanguliza la kwake. Safu ikaanza kujaa. Jina la kweli huku, jina la njia pale, mstari mmoja. Sikufikiria mstari huo ungekuwa nini mkononi mwa mtu mwingine.

Uhakiki wa yule binti ulifanyika wiki iliyofuata. Sheria ya shefu ilikuwa hii: mtoto na mzazi wakutanishwe, mtoto aulizwe mara tatu kama anamjua huyu. Akikana mara tatu, fishi inarudi kwenye uchunguzi, na uchunguzi ulikuwa unachukua miezi. Mimi nilikwenda ili nipige picha za kuingiza kwenye seva.

Tulikaa uani Keshero. Mama aliyempokea binti alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaacha. Binti akaletwa, amevaa gauni la buluu la mtu mkubwa kidogo kuliko yeye. Mama yake hakusimama. Alikuwa amekaa mikono magotini, hata machozi hakutoa. Shefu akaweka fishi kwenye paja, akafungua kalamu.

"Mutoto, unamujua huyu mama?"

Binti akamtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu anayepita barabarani. "Simujue."

"Umuangalie muzuri. Unamujua?"

"Simujue."

Mama akanigeukia mimi, akasema polepole, "Ameshika muzuri." Kulikuwa na fahari ndani yake. Kulikuwa na kitu kingine pia ambacho sikutaka kukisikia.

"Shefu, usiulize mara ya tatu," nikasema.

"Fishi ni fishi."

"Basi hiyo fishi ndiyo inayomkataza! Weka kalamu mfukoni, shefu, kwa jina la Mungu!" Nilikuwa nimesimama. Majirani walichungulia juu ya uzio. Shefu akaifunga kalamu, hakuiweka mfukoni.

Nikachuchumaa mbele ya mama. "Umwambie tu njia iliisha. Wewe ndiye ulimfunga, wewe umfungue."

"Nilimwapia," akasema. "Nilimwambia, siku njia itaisha, mimi mwenyewe nitakuambia, na sitakudanganya. Sasa papa, mimi ni mutu wa kampi, mimi sijue kitu. Wewe unakaa na bakubwa, unakaa na mashini. Uniambie wewe. Iliisha?"

Upande wa Sake kukalia mshindo, halafu mwingine. Bati la jiko la uani likatetemeka. Nilijua mambo ambayo yeye hakuyajua. Nilijua shefu amekwisha kuivusha familia yake kwa boti kwenda Bukavu. Nilijua tumeambiwa tuweke mfuko mdogo tayari karibu na mlango. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni, na nyuma yake binti alikuwa anatazama maharage.

"Iliisha, mama," nikasema.

Akaniamini papo hapo. Akaenda, akapiga magoti, akashika kichwa cha binti kwa mikono miwili, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao. Binti akamtazama muda mrefu. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, na akatangaza jina lake. Jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, jina la kilima, kwa sauti kubwa, akielekeza kwa shefu, kwangu, kwa majirani wa uzioni. Alipomaliza akakishika kitenge cha mama yake. Shefu akaandika ndiyo. Mama mwenye nyumba akalia kwa sauti.

Tuliwasindikiza hadi barabarani. Binti yule aliyekuwa kimya miezi mitano sasa hakunyamaza. Alimwambia mwenye kibanda cha unga yeye ni nani. Alimwambia mtu wa kuuza mikate yeye ni nani, binti wa nani, wa kilima gani, na mama yake akacheka, akamwambia sawasawa, sawasawa, twende. Mimi nilikuwa nyuma yao na kamera. Nikahisi kitu kifuani, kama mguu uliokufa ganzi damu inapourudia, na kiliuma. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku yoyote ya mabomu.

Siku chache baadaye mji ulichukuliwa. Sitasimulia jinsi, kila mtu wa Goma ana yake. Asubuhi shefu alipiga simu mara moja, kabla ya mitandao kukatika: futa kila kitu. Nilikuwa nimelala biro, nikafanya. Fishi zilizobaki nilizichoma nyuma ya jikoni. Kuhusu seva, kubonyeza kufuta hakutoshi, mwenye ujuzi anarudisha. Na safu ile niliyoiongeza, jina la kweli karibu na jina la njia, ilikuwa ndiyo zawadi ambayo wenye bariyeri wangeipenda kuliko zote. Nikachomoa diski moja, nikaiweka juu ya jiwe, nikaipiga nyundo mpaka sahani zake zikapasuka. Ya pili. Ya tatu. Ya mwisho ilikuwa ile mpya. Sikufikiria hata wale ambao wazazi wao walikuwa bado hawajaja. Nikarudi depo kwa mazoea, nikatazama mahali pa taa, nikatoa chandarua, nikakikunja.

Siku ya nne njia zilifunguka, nikatembea hadi Lac Vert kuwatafuta yule mama na binti yake. Kampi ilikuwa inabomolewa. Watu walikuwa wameambiwa warudi vilimani kwao, wakawa wanakunja bashi na kufunga masufuria. Na barabarani, pale wanapopita wote kuelekea Sake, kulikuwa na bariyeri mpya, kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili, na vijana wenye bunduki wanaouliza majina.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakunja bashi akaniona ninavyozunguka. "Unatafuta nani, papa? Sema jina, mimi najua batu ya huku."

Nikafungua mdomo. Wale wa bariyeri walikuwa karibu, wangesikia. La kweli sikuweza kulitaja. La njia, nani angelijua? Kampini hakuna aliyelisikia, na binti mwenyewe alikuwa amelivua uani Keshero kwa neno langu.

"Hakuna mutu, mama," nikasema. "Aksanti."

Nikaenda nikasimama kando ya barabara, karibu na kamba, kama mtu anayengoja pikipiki. Foleni ilikuwa ndefu. Wakubwa waliulizwa, na watoto waliulizwa kando, peke yao. Kila mtoto alipofungua kinywa niliacha kupumua. Wengi walisema jina moja fupi la kanisani, baba sijue, kijiji sijue, na wakapitishwa. Nilisikiliza sauti zote mpaka mchana ukageuka, nikiomba nisiisikie ile niliyoifuata. Sikuisikia. Labda walipita siku iliyotangulia, labda walipita njia ya juu, sikuuliza na hakuna wa kumuuliza. Ninachoomba hadi leo ni kimoja, kwamba usiku wa kuamkia safari yule mama alimkalisha binti chini akamfinya tena sikio, na kwamba hakuniamini mimi kabisa.